Sura ya Sita: Ngome Ipi, Ngazi Ngapi?

Mtu mzima anayefika Uingereza kwa wiki mbili tatu, pengine amekuja kumwona mwanawe anayefanya kazi Reading au kumpakata mjukuu aliyezaliwa Leicester, huambiwa na kila anayekutana naye kwamba asithubutu kuondoka bila kuona ngome. Majina huanza kumiminika: Tower of London, Windsor, Warwick, Dover, Blenheim, Chatsworth. Kila anayetaja jina ana picha za kukuonyesha kwenye simu. Shirika la English Heritage peke yake linatunza maeneo ya kihistoria zaidi ya 400. National Trust, chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1895, kina mamia mengine ya majumba, bustani na mashamba. Hapo bado hujahesabu makasri ya mfalme, wala nyumba ambazo wenyewe wangali wakiishi ndani. Hakuna awezaye kuyamaliza yote, na aliyekwisha kuvuka miaka 65 hana haja hata ya kujaribu.

Ninalotaka kusema katika sura hii ni moja. Usichague kwa ukubwa wa jina. Chagua kwa kile ambacho nyumba itakupa kabla magoti hayajaanza kulalamika. Ziko ngome ambazo utamu wake wote uko kileleni mwa mnara, na asiyefika huko ataona ua na duka la zawadi tu. Yako majumba ambayo hazina yake imepangwa ghorofa ya chini, chumba baada ya chumba, na mahali pa kukaa papo. Kwa kijana wa miaka 30 tofauti hiyo si kitu. Kwetu sisi ndiyo inayoamua kama siku itakuwa ya furaha au ya kuvumilia.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Ngome ilijengwa kwa ajili ya vita, na kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asiingie. Kwa hiyo iliwekwa juu ya kilima, mlango ukafanywa mwembamba, na ngazi zikazungushwa ndani ya unene wa ukuta. Jumba la kifahari lilikuja baadaye, hasa kuanzia karne ya 16, mabwana wakubwa walipopunguza kupigana na kuanza kushindana kwa uzuri wa vyumba. Huko milango ni mipana, na ngazi zilijengwa ili mgeni apande kwa madaha huku akitazamwa. Ukilikumbuka hilo tu, nusu ya kazi ya kuchagua umeimaliza.

Chukua Dover. Mnara wake mkuu ulijengwa na Mfalme Henry wa Pili katika miaka ya 1180, kuta zake zina unene unaofika mita 6, na ngome yote imekaa juu ya majabali meupe yanayotazama Ufaransa. Chini yake kuna mahandaki ambamo mwaka 1940 Admirali Bertram Ramsay aliongoza kazi ya kuwaokoa askari zaidi ya 338,000 kutoka fukwe za Dunkirk. Ni historia nzito kweli, tena ya zama mbili mahali pamoja. Lakini kutoka kituo cha treni hadi langoni ni kupanda kilima, na ukiisha kuingia bado unapanda.

Kisha kuna ngazi za kuzunguka, ambazo utazikuta karibu katika kila ngome ya zamani. Kidato ni kipana upande wa ukutani na chembamba kabisa upande wa nguzo ya kati. Jiwe limelika katikati kwa nyayo za karne nyingi. Cha kushika, mara nyingi, ni kamba iliyofungwa ukutani. Wewe unapanda, kundi la watoto wa shule linateremka, na mmoja wenu lazima ahamie upande ule mwembamba. Watu huogopa kupanda. Mimi nasema hatari iko katika kuteremka, maana uzito wote wa mwili unaangukia goti moja huku jicho likitafuta kidato lisichokiona vizuri. Na katikati ya ngazi hizo hakuna pa kukaa. Dover basi nawapa wenye miguu imara na watakaopelekwa kwa gari hadi ndani ya lango. Wengine wasione aibu kuiacha.

Anayetaka ngome ya kweli bila mateso hayo, aende Bodiam, kule Sussex Mashariki. Ilijengwa na Sir Edward Dalyngrigge baada ya kupata kibali cha mfalme mwaka 1385, ikazungushiwa maji pande zote nne. Ndani ni gofu. Paa na sakafu vilikwisha kuanguka zamani. Uzuri wake uko nje: kuta nzima, minara ya duara kila pembe, na kivuli chake kimelala majini siku ambayo hakuna upepo. Ukikaa kwenye benchi ng'ambo ya maji kwa nusu saa, umeona kilicho bora kabisa Bodiam, na hukupanda kidato hata kimoja. Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliinunua ngome hiyo na alipofariki mwaka 1925 akaiachia National Trust. Katika msimu wa watalii kuna treni ya kizamani ya moshi inayotoka mji wa Tenterden hadi Bodiam, na safari hiyo kwa wengi ni starehe sawa na ngome yenyewe.

Tower of London ni nusu kwa nusu. Mnara wa kati, ulioanzishwa zama za William Mshindi mwishoni mwa miaka ya 1070, una ngazi nyingi za kuchosha, na ua wake umetandikwa mawe yanayotegua miguu. Ila mataji ya kifalme yako katika jengo tofauti lisilo na taabu ya ngazi, na mbele ya mataji hayo kuna mkanda wa umeme unaokusogeza taratibu huku umesimama. Kwenye fimbo ya kifalme utaona almasi ya Cullinan, kipande cha karati 530 kilichokatwa kutoka jiwe lililochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Fika lango linapofunguliwa, nenda kwenye mataji moja kwa moja, kisha toka ukatazame mto Thames. Mengine waachie vijana.

Warwick siipendekezi kwa wazee. Ni ngome ya kale na kuta zake ni fahari ya macho, lakini leo inaendeshwa na kampuni ya burudani ya Merlin, na siku nzima kuna maonyesho, kelele na watoto wanaokimbia. Kwa watoto ni mahali pazuri mno. Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko huko:

"Mama, kesho tunakwenda Warwick. Watoto wataona farasi na wapiganaji."

"Ngazi ziko ngapi, baba?"

"Aa, mama, za mnarani si lazima upande."

"Basi nendeni na watoto. Mimi na babu yao tutafutieni nyumba yenye bustani."

Mama huyo amejibu vyema, na wanawe wasimwone mvivu. Siku ambayo wazee na watoto wanalazimishwa kwenda mahali pamoja huishia kwa wote kununa.

Windsor ndiyo ngome kubwa ninayoitetea kwa nguvu zote, ingawa nayo iko juu ya kilima. William Mshindi aliianzisha karibu mwaka 1070, na hadi leo ndiyo ngome kubwa kuliko zote duniani ambayo bado inakaliwa na watu. Kwa kuwa wafalme wameishi humo kwa zaidi ya miaka 900, vita viliisha na raha ikabaki, na vyumba vya kuonyesha wageni ni vya jumba la kifahari. Lifti ipo kwa wanaoihitaji, lakini usisubiri kuombewa. Mwambie mlinzi wa kwanza utakayemwona. Ukitoka London kwa treni ya Paddington na kubadilisha Slough, unashukia kituo cha Windsor & Eton Central, hatua chache tu kutoka ngomeni. Treni ya Waterloo haibadilishwi njiani, ila inakushusha bondeni karibu na mto, na hapo utaupanda mlima kwa miguu. Kwa kawaida Jumanne na Jumatano ngome hufungwa, na Jumapili kanisa la Mtakatifu George hupokea waumini tu, si watalii. Kwa hiyo siku nzuri ni Alhamisi, Ijumaa, au Jumatatu.

Novemba 20, 1992 moto ulizuka Windsor na kuharibu vyumba 115. Ukarabati ulichukua miaka mitano, na ili kusaidia gharama, Kasri la Buckingham likaanza kufunguliwa kwa wageni wanaolipa kiingilio mwaka 1993. Ukisimama katika ukumbi wa Mtakatifu George na kuinua macho, dari lile la mbao za mwaloni ambalo ungedhani ni la kale ni kazi ya mafundi seremala wa miaka ya 1990. Mimi hulipenda kuliko dhahabu yote ya vyumba vya jirani, maana linaonyesha kwamba ufundi wa mkono bado uko hai.

Lakini sababu yangu kubwa ya kumpeleka Mwafrika Windsor iko kanisani. Malkia Elizabeth wa Pili amezikwa pale, pamoja na wazazi wake na mumewe, chini ya jiwe jeusi lenye majina yao manne. Wakenya wanakumbuka kwamba Februari 6, 1952, siku alipokuwa malkia, alikuwa Nyeri. Na ndani ya kanisa hilohilo kuna kibao cha shaba ambacho wengi hukipita bila kukiona. Ni cha Mwanamfalme Alemayehu wa Ethiopia, mwana wa Mfalme Tewodros. Baba yake alijiua Aprili 1868 jeshi la Uingereza lilipoivamia ngome yake ya Maqdala. Mtoto alikuwa na karibu miaka saba. Mama yake alifariki kabla ya kutoka Ethiopia, na yeye akapelekwa Uingereza, akasomeshwa, akazungushwa huku na huko, hadi alipofariki mjini Leeds mwaka 1879 akiwa na miaka 18. Malkia Victoria aliagiza azikwe Windsor. Waethiopia wameomba mara kwa mara mifupa yake irudishwe nyumbani, na mwaka 2023 Kasri la Buckingham likakataa tena, likisema haiwezekani kuifukua bila kusumbua makaburi mengine. Muulize mlinzi kibao kiko wapi. Simama hapo. Kijana huyo amelala mbali na ndugu zake, na sisi majirani zake tukipita tumsomee dua.

Sasa twende kwenye majumba. Inafaa msomaji ajue kwa nini yamefunguliwa kwa umma, maana sababu hiyo inaeleza utakachokikuta ndani. Katika karne ya 20 serikali ya Uingereza ilipandisha sana kodi ya mirathi. Duke wa kumi wa Devonshire, mwenye Chatsworth, alikuwa amemkabidhi mwanawe mali ili kuikwepa kodi hiyo, na sheria ilitaka aishi miaka mitano baada ya kukabidhi. Alifariki Novemba 1950, miezi michache tu kabla ya muda kutimia. Serikali ikadai asilimia 80. Familia iliuza ardhi na kazi za sanaa, ikalitoa jumba la Hardwick, ambalo mwaka 1959 likaingia mikononi mwa National Trust, na deni likachukua miaka mingi kuisha. Familia nyingi zilipita njia hiyo: nyingine zilibomoa nyumba zao, nyingine zikazikabidhi, nyingine zikafungua mlango na kuanza kuuza tiketi na chai.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua naangalia nani mwenye nyumba. Maeneo ya English Heritage mengi ni magofu yasiyo na paa: mvua ikinyesha umekwisha. National Trust ina nyumba zenye samani, watu wa kujitolea katika kila chumba, na wengi wao ni wastaafu wanaopenda kuulizwa maswali. Nyumba zinazokaliwa na familia zina uhai, picha za harusi juu ya piano na mbwa kwenye uwanja, lakini siku za kufunguliwa ni chache. Highclere, iliyopata umaarufu kwa tamthilia ya Downton Abbey, hufungua siku chache tu kwa mwaka, na tiketi huisha mapema. Ukienda bila tiketi utaishia getini.

Nimeitaja Hardwick, na lazima nikae nayo kidogo, kwa sababu inavunja kanuni yangu. Ilijengwa kule Derbyshire katika miaka ya 1590 na Elizabeth wa Shrewsbury, ambaye historia inamwita Bess wa Hardwick. Alikuwa ameolewa na kufiwa mara nne, na baada ya Malkia Elizabeth wa Kwanza hakukuwa na mwanamke tajiri kumpita. Alihamia nyumba hiyo mpya mwaka 1597, akiwa na umri wa karibu miaka 70. Na ajuza huyo aliweka vyumba vyake vya fahari wapi? Ghorofa ya juu kabisa. Madirisha yanazidi kuwa makubwa kadiri nyumba inavyopanda, na juu ya minara kuna herufi za jina lake, zilizochongwa kwa mawe, zikionekana kutoka mbali.

Kwa kanuni yangu Hardwick ingefutwa. Lakini ngazi zake si za ngome. Ni vidato vya mawe vipana na vifupi, vinavyopanda kwa upole ndani ya nyumba, na bibi wa miaka 70 alivipanda. Nenda asubuhi, pumzika njiani, mpe mkongojo nafasi yake. Huko juu kuna ukumbi mrefu uliotundikwa mazulia ya ukutani yanayosimulia kisa cha Gideoni, vipande 13, ambavyo Bess alivinunua kwa warithi wa Sir Christopher Hatton. Kwa kuwa vilikuwa na nembo ya Hatton, aliomba punguzo la pauni 5 kwa ajili ya gharama ya kuibadilisha. Alibandika nembo yake juu ya ile ya zamani, na paa jike wa Hatton wakaongezewa pembe ili wawe paa dume wa ukoo wa Cavendish, ukoo wa mmoja wa waume zake. Sogea karibu uone pembe zile. Watunzaji wa National Trust walitumia miaka 24 kuyasafisha na kuyashona upya mazulia hayo, kazi ikaisha mwaka 2023.

Anayetaka ghorofa ya chini tupu, aende Petworth, kule Sussex Magharibi. Vyumba vyote vya maonyesho viko usawa mmoja. Mchoraji Turner aliwahi kukaa hapo kama mgeni wa Lord Egremont, na picha zake zimo. Kuna chumba ambacho kuta zake zimepambwa na Grinling Gibbons kwa mbao laini zilizochongwa ndege, maua na ala za muziki, nyembamba hivi kwamba unaogopa kupumua karibu nazo. Kuna pia tufe la dunia la mwaka 1592, kazi ya Emery Molyneux. Kazi ni kutoka maegesho hadi mlangoni, kwa hiyo mwambie anayekuendesha akushushe karibu kwanza.

Harewood, karibu na Leeds, ni nyumba nzuri sana, na uzuri wake unauma. Ilianza kujengwa mwaka 1759 kwa fedha za ukoo wa Lascelles, fedha zilizotoka kwenye sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi. Utumwa ulipopigwa marufuku katika makoloni, Earl wa Harewood alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watumwa 1,277. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Familia ya leo haifichi habari hiyo. Inaieleza ndani ya nyumba ileile. Sisi wa pwani na bara, tunaojua soko la watumwa lilikuwa wapi Unguja, hatuwezi kupita kwenye samani za fundi Chippendale kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Nenda Harewood uone, na uulize maswali kwa sauti.

London kwenyewe iko nyumba ninayoipenda kuliko zote kwa mtu mzima: Kenwood, ukingoni mwa Hampstead Heath. Kuingia ni bure, kwa sababu Lord Iveagh wa ukoo wa Guinness, aliyefariki mwaka 1927, aliwaachia wananchi nyumba hiyo pamoja na picha zake. Basi namba 210 linapita karibu na lango. Ghorofa ya chini kuna picha ya Rembrandt aliyojichora mwenyewe akiwa na umri wa karibu miaka 60: kofia nyeupe kichwani, brashi mkononi, ngozi ya uso imelegea, macho hayaombi huruma ya mtu. Mtu wa umri wetu anaielewa picha hiyo bila maelezo.

Tena Kenwood ndipo alipolelewa Dido Elizabeth Belle, binti wa mama mtumwa wa Kiafrika aliyeitwa Maria Belle na Sir John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini. Aliishi hapo kwa takriban miaka 30 chini ya mjomba wa baba yake, Lord Mansfield, Jaji Mkuu. Ni jaji huyohuyo aliyeamua mwaka 1772 kwamba James Somerset, mtumwa, hawezi kulazimishwa kuondolewa Uingereza na bwana wake. Katika wosia wake jaji aliandika bayana kwamba Dido ni huru. Ukimaliza, mgahawa uko palepale, na mbele ya nyumba kuna nyasi zinazoteremka hadi kwenye ziwa dogo. Sijui siku nyingine ya bure London inayoifikia hii.

Sandringham, Norfolk, naitaja kwa haraka lakini kwa moyo wote. Norfolk ni tambarare, wageni huonyeshwa vyumba vya ghorofa ya chini tu, na ndiko Mfalme George wa Sita alikofariki usingizini wakati bintiye yuko Nyeri. Hufungwa wakati wa baridi. Blenheim nayo ni tambarare kiasi, basi kutoka Oxford linasimama langoni, na chumba alimozaliwa Winston Churchill mwaka 1874 ni kidogo kuliko unavyotarajia katika jumba kubwa namna hiyo. Huyu ndiye Churchill aliyeshuka Mombasa mwaka 1907 na kupanda reli ya Uganda. Na neno moja kuhusu Leeds Castle: iko Kent, kusini, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji wa Leeds. Angalia vizuri kabla hujakata tiketi ya treni.

Kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo hakuna anayekwambia hadi yamekukuta. Vyumba vingi vina mwanga hafifu. Mapazia hushushwa ili jua lisififishe rangi za vitambaa. Ukiingia kutoka nje kwenye mwanga, simama mlangoni kidogo macho yazoee kabla ya kuvuka kizingiti. Usikae kwenye kiti chochote chenye koni ya msonobari au mmea mkavu wenye miiba juu yake. Hiyo ndiyo namna ya National Trust ya kusema kiti hicho ni cha kale. Kisicho na kitu ni chako, kaa. Vyoo mara nyingi viko nje, kwenye mazizi ya zamani ya farasi, kwa hiyo pitia hapo kabla ya kuingia. Anayehitaji chakula cha halali atapata supu ya mboga, viazi vya kuoka na keki katika migahawa mingi, lakini aulize kuhusu jelatini.

Kiti cha magurudumu huazimwa bure sehemu nyingi, ila nyumba nyingine haziruhusu zaidi ya kimoja au viwili kwa wakati mmoja ghorofani kwa sababu ya hatari ya moto. Kwa National Trust na English Heritage, anayekuja kumsaidia mtu mwenye ulemavu huingia bila kulipa. Kadi ya reli ya wazee, kwa aliyefikisha miaka 60, hupunguza theluthi ya nauli, na mgeni pia huuziwa akionyesha pasipoti. Vituo vya treni vina wafanyakazi wa kukusaidia kupanda na kushuka bila malipo, omba mapema. English Heritage huuza pasi ya wageni ya siku 9 au 16, lakini mzee asiyetaka kuona zaidi ya ngome mbili asiinunue.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Mwishoni mwa Julai na Agosti shule zimefungwa na foleni ni ndefu. Kuanzia Novemba hadi Machi nyumba nyingi hufunga vyumba na kuacha bustani tu. Nyumba moja kwa siku inatosha. Piga simu siku moja kabla, au mwombe mwanao apige, mkaulize mambo manne: lifti inafanya kazi leo? Vyumba gani vinafikika bila ngazi? Kutoka maegesho hadi mlangoni ni umbali gani? Mna viti ndani? Wakijibu kwa ufasaha, nenda. Wakibabaika, chagua nyumba nyingine.

Kama una siku moja tu, nenda Windsor, Alhamisi asubuhi, na ukitafute kibao cha Alemayehu. Kama una mbili, ya pili iwe Kenwood. Mwenye siku ya tatu na gari aende Petworth, na mwenye pumzi za kutosha aende Hardwick.